Moto yako inalala wapi? Kulinda pikipiki na chukudu ku karyeri na ku nyumba

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wenye munabaki ku nyumba wakati baba iko mu shimo, leo hatutasema juu ya bei ya koltani wala ya kasiteriti. Tutasema juu ya kitu yenye wengi wetu tulinunua na hiyo pesa: moto. Muchimbaji wa Rubaya ao wa Mubi akipata makuta kidogo, analipa masomo ya watoto, anaweka mabati ku nyumba, kisha ananunua pikipiki. Na kitu yenye anaweza kupoteza mu usiku mumoja tu, njo hiyo pikipiki.

Haya si maneno ya vijana wenye kupenda mwendo. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, wakati vita iliingia Goma na mabenki ya muji ikafunga milango, watu wengi wa kwetu wanaweka akiba yao ku telefone, ku likelemba, ao mu kitu yenye wanaona na macho. Moto ni kitu ya kuona na macho. Inabeba gunia mpaka ku depo, inabeba mama mwenye uchungu mpaka ku hospitali, inabeba muhogo na makala siku ya soko. Na siku mambo inakuwa mubaya, unaiuza, watoto wanakula. Njo maana tunasema: mwenye kuiba moto ya muchimbaji haibi chuma, anaiba akiba ya jamaa muzima.

Sisi wa sendika tunasikiliza malalamiko ya namna hii tangu zamani, Masisi na Walikale. Tumeona kitu kimoja: watu wengi wanafikiri ulinzi ni kadena. Kadena ni ya lazima, lakini haitoshi. Moto inalindwa na vitu tatu pamoja: ikuwe nguvu kuibeba, ikuwe na alama ya kujulikana, na kuwe mutu mwenye kujibu juu yake. Kimoja kikikosa, vingine viwili havina maana.

Wezi ni wa namna tatu

Mwizi wa kwanza ni wa kupita. Anazunguka mu kambi magaribi, anatafuta moto yenye funguo iko ndani juu mwenyewe aliingia kunywa kasiksi. Huyu anachukua yenye iko mwepesi. Ukimuchelewesha dakika tano, anaenda kwa mwingine.

Wa pili ni mwenye kukujua. Anajua siku gani unashuka mu shimo, saa gani unapanda, na mufuko gani unawekamo funguo. Huyu haogopi sana kadena, juu iko na wakati wa kuivunja. Anaogopa kujulikana. Anaogopa kaye yenye jina, na watu wenye wanaangalia.

Wa tatu ni mwenye bunduki. Kwa huyu hakuna kadena. Tutarudia kwake ku mwisho, juu dawa yake ni ingine.

Usiku ku kambi

Kambi ya karyeri ni miti na bashi, mulango ni kitambaa. Hauwezi kuingiza moto ndani, na ukiiacha inje, inje ni ya kila mutu. Hata ku Ulaya na Marekani, watu wenye wanaenda kupumzika na gari zenye kitanda na jiko ndani, magaribi wanajiuliza swali sawa na letu. Wanafunga gurudumu na chuma, hawaachi kitu ya bei karibu na dirisha, na wakati wa baridi wanaweka gari miezi mingi mu hangari yenye ulinzi. Wao wako na polisi karibu na barabara ya lami, lakini hawaamini kadena moja. Sisi wa pori tutaiamini namna gani?

Anza na vitu yenye haiombi pesa. Toa funguo kila mara, hata kama unashuka tu kusalimia mutu. Kunja gido na uifunge na funguo yake, ili moto isisukumwe moja kwa moja. Usiku, toa buji na ukae nayo mu mufuko, kisha ziba tundu yake na kitambaa safi ili maji na muchanga isiingie mu motere. Moto bila buji haiwaki, na mwizi wa kupita hatembei na buji ya akiba. Funga pia robine ya esanse. Usiache tanki muzima usiku, juu kuko wenye wanaiba esanse tu na kukuachia moto kavu.

Kisha munyororo. Wengi wanafunga gurudumu ya mbele peke yake. Hiyo ni kulinda gurudumu, si moto: mutu mwenye funguo ya bulo anatoa ekse, anakuachia gurudumu na kadena yako. Pitisha munyororo mu gurudumu ya nyuma na mu shasi, kisha uzungushe ku muti wenye mizizi, ao ku nguzo yenye ilichimbiwa chini sana. Usifunge ku nguzo yenye mutu anaweza kungoa na mikono mbili.

Angalia jambo hili, juu ni la kwetu wachimbaji kabisa. Ku karyeri, kila mutu iko na nyundo na burin. Munyororo wenye unalala chini ku udongo ao ku jiwe, mutu anaweka burin juu yake, anapiga mara chache, umekatika. Kwa hiyo munyororo ukae juu, ukazwe, usiguse chini. Tundu ya kadena iangalie chini ili mvua isiingie, na tone moja ya oili mara kwa mara inasaidia. Mvua ya Walikale inaozesha kadena mbele ya mwizi kufika.

Kama muko watatu, fungeni moto tatu pamoja. Moto tatu zenye zimeshikana hazipiti mu njia ya miguu.

Lakini funguo ya kadena, iweke fasi moja tu yenye mukono unaweza kugusa mu giza. Huku kwetu usiku unaweza kuamshwa na risasi. Watu wamekimbia na miguu na kuacha moto nzima nyuma, juu hawakupata funguo. Ulinzi wenye unakuzuia kukimbia si ulinzi.

Wenye chukudu, tusiwasahau. Goma walisimamisha sanamu ya chukudu, lakini mwenye chukudu mwenyewe analala na wasiwasi. Chukudu haina namba ya fabrika. Basi choma jina lako ku mbao na chuma ya moto, fasi mbili: moja yenye inaonekana, ingine chini yenye unajua wewe na mutu wako mumoja. Usiku, pitisha munyororo mu gurudumu na mu mbao ya katikati, uifunge pamoja na moto za wenzako.

Parkingi moja, kaye moja, zamu mwenye analipwa

Haya yote ni ya mutu mumoja. Lakini mutu mumoja akiwa mu shimo, hana macho juu. Njo maana tunaomba kila kambi ikuwe na parkingi ya pamoja. Haiombi mambo mingi: lupango ya miti, mulango moja, taa ya sola, zamu wawili wenye kupokelezana, na kaye.

Mu kaye munaandikwa jina, namba ya plake, siku na saa ya kuingia. Jeto inapasuliwa mara mbili yenye namba moja: kipande kimoja kinafungwa ku moto, kingine kinakaa na mwenyewe. Bila jeto, moto haitoki, hata mutu aseme ni ya shemeji yake, hata alete barua ya mukubwa. Mwenye alipoteza jeto anakuja na mashahidi wawili na karti roze, mu mwangaza wa muchana.

Zamu alipwe, na alipwe siku yenye ilipatanwa. Zamu mwenye halipwi na wenye moto, atalipwa na mwizi. Na mbele ya kuanza kazi, muandike: moto ikipotea wakati iko ku zamu, ni nini itafanyika, nani analipa, kwa siku ngapi. Maneno ya mudomo siku ya furaha inakuwa fitina siku ya wizi.

Tunasema pia kwa wakubwa wa koperative na kwa PDG wa mashimo. Sheria ya migodi, tangu ilirekebishwa mu 2018, inaomba muchimbaji wa mikono ikuwe mu koperative. Sawa, tumeingia. Koperative yenye inapokea mchango yetu ijibu basi: moto zetu zinalala wapi? Kipande ya udongo na miti makumi mbili si deni kubwa. Tukiomba kila mutu peke yake, tunaambiwa tungoje. Tukiomba pamoja, na karatasi yenye majina, tunasikilizwa.

Gunia iko na etiketi, moto pia

Wengi wetu tunakumbuka etiketi za iTSCi zenye zilikuwa zinafungwa ku magunia. Tulizikubali ao tulizilalamikia, lakini tulielewa maana yake: gunia yenye iko na namba iko na historia, gunia bila namba ni shida kwa mwenye kuinunua. Moto ni vile vile. TVS ao Boxer yako iko na namba ya shasi yenye imepigwa mu chuma, mara mingi ku shingo ya mbele, chini ya gido. Namba ingine iko ku motere. Plake inatolewa na bisi mbili. Namba ya shasi, kuifuta inaacha kidonda.

Fanya hivi leo: safisha udongo, andika hizo namba mbili, piga foto ya namba, ya moto muzima, ya alama zake zote, ya karti roze na ya fakture. Tuma foto kwa bibi yako ao kwa ndugu mwenye haiko ku kambi. Telefone inaweza kuibiwa siku moja na moto. Foto yenye iko Goma ao Sake haiibiwi pamoja nayo. Fotokopi za karatasi tembea nazo, za kweli zibaki ku nyumba. Karatasi zikiwa chini ya kiti, mwizi anapata moto na anapata pia haki ya kuiuza.

Wenye makuta wanaweka kamashine ka GPS. Ni kitu kizuri karibu na muji, lakini kinaita kwa njia ya rezo ya telefone. Mu pori ya Walikale, fasi yenye rezo haifiki, na yenyewe inanyamaza. Isikufanye usahau munyororo.

Na tujisemee ukweli: moto za wizi zinanunuliwa na watu. Wengine ni sisi. Ukiletewa moto ya bei ya usiku, bila fakture, namba imekwanguliwa, jua kama kuko muchimbaji mahali anarudi ku nyumba na miguu. Usinunue. Hata kipande usinunue, juu moto nyingi zinauzwa vipande vipande: batiri, retro, gurudumu, motere. Soko ikikosa, wizi unapunguka.

Siku karyeri inafungwa

Usiku ku kambi ni hatari ya kwanza. Hatari ya pili ni miezi yenye moto haitembei. Wazee wa Bisie wanajua. Tangu 2002 watu walienda kule kutafuta kasiteriti na miguu, kilometa zaidi ya 40 mu pori kutoka Njingala. Chenye hakiingii ku njia ya miguu kilibaki ku barabara, ku nyumba ya mwenyeji, kwa maneno tu. Mu Septemba 2010, Rais Kabila akasimamisha uchimbaji mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Hakuna mwenye alipewa miezi ya kujitayarisha. Karibu na sisi zaidi: mwisho wa Aprili 2024 Rubaya ilibadilisha mikono, na mu Machi 2025 vita ilifika Walikale-centre, hata kampuni Alphamin ikasimamisha kazi kule Bisie mpaka Aprili. Kufungwa kwa karyeri hakutumi barua. Fasi ya kuweka moto itafutwe wakati wa amani.

Chagua mwenyeji na akili. Asikuwe tu mutu mwenye kucheka na wewe. Akuwe mutu mwenye iko na nyumba, jamaa, na jina mu kijiji. Mara mingi mama mwenye anapikia wachimbaji ni mulinzi muzuri kupita kijana mwenye nguvu, juu yeye hahami kila mwezi. Mulipe kitu, hata kidogo.

Kisha karatasi. Iandikwe: jina lako, jina lake, namba ya shasi na ya motere, vitu vyenye viko ku moto, siku ya kuiacha, bei ya kulinda, kama ana ruhusa ya kuitembeza ao hapana, na nani anaweza kuja kuichukua kama wewe hauko. Shefu wa kijiji ao wa nyumba kumi atie mukono. Fotokopi tatu: yako, ya mwenyeji, na ya tatu ku nyumba kwa bibi yako.

Hiyo ya tatu njo kubwa kupita zote. Tunafanya kazi yenye udongo unaweza kuanguka juu yetu siku yoyote. Muchimbaji akikufa mu shimo na bibi yake hajui moto iko wapi, mwenyeji anaweza kusema haijui, ao ndugu wa marehemu wanakimbia kuichukua mbele ya siku ya mazishi. Mujane anabaki na watoto bila kitu. Baba, usifiche bibi yako mali yako. Mwambie iko wapi, kwa nani, na karatasi iko mu kitabu gani. Na wewe mama, uliza bila haya. Kuuliza si kumuombea kifo.

Kuilaza miezi bila kuiharibu

Mbele ya kuiweka, osha matope yote, kausha, paka oili ku shene. Panda moto ku mbao, ku stendi yake ya katikati, pine zisilale mu maji. Toa batiri, anza na waya ya kutoa, iweke ku mbao fasi kavu, na uichajishe mara moja kwa mwezi, juu batiri yenye inalala tupu inakufa. Funika moto na kitambaa ao gunia. Plastiki yenye inabana inafanya jasho, na jasho inazaa kutu. Angalia panya: wanapenda kukula waya.

Esanse inaomba akili. Kama moto iko mu hangari mbali na watu, tanki muzima inazuia kutu ndani. Kama ni lazima ilale mu nyumba ya watu, kamua esanse yote inje, muchana, tanki na karbiratere. Harufu ya esanse inatembea chini chini mpaka ku mbabula, na nyumba ya mbao inaungua mbele watoto hawajaamka. Bidoni ya esanse isilale kamwe fasi watu wanalala. Na usiwashe motere mu nyumba yenye mulango umefungwa. Ile gazi yenye inaua wenzetu wakati motopompe inawaka ndani ya shimo, njo hiyo hiyo, na haina harufu.

Mwenye bunduki, na mwizi mwenye amekamatwa

Turudie sasa kwa mwizi wa tatu. Ukisimamishwa na mutu mwenye bunduki, toa funguo, shuka polepole, usiangalie macho, usiombe namba ya mutu. Moto inanunuliwa, mutu hanunuliwi. Tunasema hivi kwa nguvu, juu kuko vijana wanakufa kwa kushikilia gido. Ulinzi wa kweli hapa uko mbele: usitembee usiku, tembeeni wengi, na mujulishe ku kambi saa ya kutoka na saa ya kufika.

Kisha, kikundi kikuwe na sanduku. Asiransi ya lazima ya moto inalipa watu wenye umegonga. Haikulipi wewe moto yenye imeibiwa. Lakini tunajua MUSO, tunajua AVEC. Watu 20 wakitoa franka 2 000 kila wiki, ni franka 40 000 kwa wiki, na kisha wiki 25 ni franka 1 000 000. Haitoshi moto mupya, lakini inainua mwenzetu, anaanza tena. Na kijana mwenye anajua kikundi kitamusaidia, funguo inakuwa mwepesi kutoka mu mukono wake.

Neno moja tena, hata kama litakasirisha wengine. Mwizi akikamatwa, tusimuchome, tusimupige mpaka kufa. Si yetu kuua. Na tena, maiti haisemi. Mwizi muzima anaweza kusema moto zingine zilienda wapi na nani ananunua. Tumeona watu wanapigwa, kisha inaonekana walikuwa wenye moto wenyewe, walisahau tu jeto. Pelekeni kwa shefu, kaye iletwe, namba ya shasi isomwe mbele ya wote.

Jumapili hii, nyuma ya ibada ao ya mechi, kaeni kumi kumi mu kambi yenu. Andikeni namba za moto zote. Chagueni fasi ya parkingi, chagueni zamu, patanisheni malipo yake. Mwenye hana moto aje pia, juu kesho atanunua. Na ku nyumba, mama aulize baba wakati anarudi: moto inalala wapi? Kama baba anajibu na jina la mutu, na karatasi mu mukono, lala muzuri. Kama anajibu, «iko tu kule», kazi haijaisha.